Ukame wa 2021 Saskatchewan: kisa cha shamba lililouza ng'ombe mapema, kisha likakwama kwenye maji

Kisa chenyewe

Shamba hili liko kusini-magharibi mwa jimbo la Saskatchewan, Kanada. Ni shamba la familia lenye ngano ya duramu, adesi, shayiri na ng'ombe wa nyama. Majina, mahali hasa na mambo mengine ya kuwatambulisha wahusika yameondolewa. Idadi za ng'ombe na tani za malisho zimesogezwa kidogo, ila uwiano wake haukuguswa.

Nimeamua kulichambua kwa sababu wafugaji wengi wamehubiriwa kwenye semina kwamba mifugo ipunguzwe kabla ukame haujakolea, lakini ni wachache walioonyeshwa hesabu yake kuanzia mwanzo mpaka mwisho, pamoja na pale mwenye mali alipoipindisha. Hapa hesabu ipo, na pale ilipopindishwa panaonekana.

Usuli: nchi yenye msimu mmoja tu

Mwaka mzima, theluji ikiwemo, eneo hili hupata takriban milimita 350 za maji. John Palliser, aliyetumwa na Uingereza kulichunguza kati ya 1857 na 1860, aliona sehemu kubwa yake ni kame mno kwa kilimo, na hadi leo linaitwa Pembetatu ya Palliser. Watu walihamia hata hivyo. Ukame wa miaka ya 1930 ukawafilisi wengi, na mwaka 1935 serikali kuu ikaunda chombo maalumu cha kuyafufua mashamba ya Prairie, yaani nyanda za nyasi za magharibi ya Kanada. Kazi yake mojawapo ilikuwa kusaidia kuchimba malambo kwa maelfu. Ndiyo maana karibu kila eneo la malisho kule lina shimo la mstatili lililochimbwa kwa mashine, ambalo hujaa theluji inapoyeyuka mwezi wa tatu na wa nne.

Msomaji wa Kajiado, Longido au Dodoma atauelewa upungufu wa mvua bila kuelezwa sana. Kitakachomsumbua ni kalenda. Kule hakuna vuli ya kuziba pengo la masika. Ardhi huganda kuanzia Novemba mpaka mwishoni mwa Machi. Mbegu huingia ardhini Mei, Juni ndio mwezi wa mvua, na siku ambazo sakitu haiunguzi mimea ni kama 110 hadi 120 tu. Nyasi za asili za kule nyingi ni zile zinazopenda ubaridi. Hukimbia kukua Mei na Juni, na ikifika mapema Julai sehemu kubwa ya ukuaji wa mwaka mzima imeshakwisha. Mvua ya Agosti hulainisha udongo na kurudisha rangi ya kijani, lakini mavuno ya nyasi yaliyopotea Juni hairudishi.

Kisha huja majira ya baridi, na ng'ombe hulishwa kutoka stoo kwa zaidi ya nusu mwaka. Jike mmoja wa nyama hula takriban kilo 13 za malisho makavu kwa siku. Kwa siku 200 ni tani 2.6. Shamba letu lilianza 2021 likiwa na majike 168, kwa hiyo lilihitaji tani 437 kabla theluji haijaanguka. Hesabu hiyo ndogo ndiyo iliyoendesha kila kitu kilichofuata.

Dalili zilizotangulia

Miezi ya mwisho ya 2020 kabla ya baridi ilikuwa mikavu na udongo ukaganda ukiwa hauna unyevu. Theluji ya majira ya baridi ilikuwa haba. Machi 2021 ilipoyeyuka, nyingi ilinyonywa na udongo na haikutiririka. Binti wa mwenye shamba, ambaye ndiye anayeshika madaftari, alipima malambo manne kwa mti uliochorwa alama. Mawili yalikuwa nusu, na mengine mawili theluthi tu. Alichukua pia sampuli za maji akazipeleka maabara. Lambo la upande wa magharibi lilitoka na miligramu 1,100 za salfeti (aina ya chumvi) kwa lita, yaani juu kidogo ya 1,000 inayotumika kama kiwango cha tahadhari kwa ng'ombe. Jibu likawekwa kwenye faili. Tutalirudia.

Karatasi ya Aprili

Katikati ya Aprili familia ilikaa mezani: mzee, mkewe, binti na mkwe wao. Binti alitaka tarehe ziandikwe kabla hali haijawa mbaya, maana alijua ikishakuwa mbaya kila mtu atakuwa na sababu ya kungoja wiki moja zaidi. Mzee alipinga. Kundi lile alilijenga kwa kuchagua mitamba kwa zaidi ya miaka 30, na kila jike aliyekuwepo alimjua mama yake. Kuuza ng'ombe wa namna hiyo si sawa na kupunguza magunia ya ngano ghalani, kwa sababu hata ukiwa na pesa mkononi huwezi kwenda mnadani ukawanunua tena walewale.

Walikubaliana hatua tatu. Kwanza, kama ifikapo Juni 10 mvua iliyonyesha tangu Aprili 1 haijafika milimita 75, wanauzwa majike wazee, wenye viwele vibovu na ndama wote wa mwaka uliopita. Pili, kama ifikapo Julai 1 haijafika 120, wanauzwa majike 24 zaidi na shayiri inatazamwa kama malisho, si kama nafaka. Tatu, wiki ya mwisho ya Agosti ndama wanaachishwa mapema, stoo inahesabiwa na majike 30 wanaondoka kama chakula hakitoshi.

Mzee alikubali tarehe mbili za kwanza kwa moyo mweupe. Ya tatu aliikubali kwa kunyamaza.

Uamuzi mwingine wa masika ulikuwa kuchelewesha ng'ombe kwenda malishoni kwa wiki mbili, huku wakilishwa hei (majani yaliyokatwa na kukaushwa) ya zamani. Iliwauma, kwa sababu hei ilikuwa akiba. Sababu ni kwamba jani linaloliwa likiwa bado changa halipati muda wa kulisha mizizi, na mmea ukikatwa mapema ndani ya mwaka mkavu hausimami tena. Marobota waliyoyatumia Mei yalilipwa na malisho yaliyodumu mpaka katikati ya Agosti. Kwa majirani walioachia ng'ombe mapema, nyasi zilikwisha Julai.

Juni na Julai: hatua mbili za kwanza

Juni 10 kipimo cha mvua kilisoma jumla ya milimita 38. Wakauza majike 18 na ndama 30 wa mwaka uliopita. Soko lilikuwa bado halijajaa, kwa hiyo walipata bei nzuri kuliko wale waliopeleka wanyama Agosti, wakati kila lori barabarani lilikuwa linaelekea mnadani.

Mwisho wa Juni likaja lile joto lililozingira magharibi ya Kanada. Watu wengi wanaukumbuka mji mdogo wa Lytton, British Columbia, uliofika nyuzi 49.6 Juni 29, rekodi ya nchi nzima. Saskatchewan haikufika huko, lakini siku za zaidi ya nyuzi 35 zilifuatana, na upepo juu yake. Adesi ziliangusha maua. Ngano ya duramu ilitoa masuke mafupi yenye punje chache. Shayiri ilichanua ikiwa haijapita goti. Panzi wakamalizia kandokando za mashamba. Kwa nchi nzima, mavuno ya ngano ya 2021 yalipungua kwa zaidi ya theluthi moja yakilinganishwa na 2020.

Julai 1 kipimo kilisoma 52. Majike 24 wakaondoka.

Shayiri ndiyo iliyoleta uamuzi mgumu wa kitaalamu. Ikiachwa ikomae itatoa nafaka kidogo ambayo kombaini haiwezi hata kuikusanya vizuri. Ikikatwa mbichi inakuwa malisho ya majira ya baridi. Tatizo ni bima: shamba lililowekewa bima ya nafaka huwezi kulikata tu kwa ajili ya ng'ombe ukategemea kulipwa. Julai ile, shirika la bima ya mazao la jimbo lililegeza sharti. Lina kiwango cha chini cha mavuno ambacho mkadiriaji akikuta shamba liko chini yake, mavuno yanahesabiwa kuwa sifuri na mkulima analipwa fidia yake kamili. Kwa waliotaka kuyaokoa mazao ya nafaka na ya jamii ya kunde kama malisho, kiwango hicho kiliongezwa maradufu. Kwa maneno mengine, shamba ambalo mwaka mwingine lingehesabiwa limezaa kidogo, sasa lilihesabiwa halikuzaa, na mwenyewe akaruhusiwa kulikata.

Familia ilimpigia mkadiriaji siku ileile ya tangazo, na mashine zilikata shayiri karibu na Julai 12. Walipata tani 110. Jirani mmoja alingoja wiki mbili ili "aone kwanza", na shayiri yake ikakauka ikawa majani yasiyo na lishe.

Kabla ya kulisha, walipima naitreti. Hili lisirukwe. Mmea wa nafaka uliopigwa na ukame huendelea kunyonya naitrojeni kutoka ardhini huku hauna nguvu ya kuigeuza kuwa protini, basi inalundikana kwenye shina. Ndani ya tumbo la ng'ombe naitreti hugeuka naitraiti, damu inashindwa kubeba oksijeni, inakuwa na rangi ya chokoleti, na mnyama anaweza kufa ndani ya saa chache. Kukausha majani kuwa hei hakuiondoi. Kipande kimoja cha shamba, kilichowahi kumwagiwa mbolea nyingi ya samadi, kilitoka na asilimia 1.3 ya naitreti katika malisho makavu, wakati tahadhari huanza asilimia 0.5. Marobota yake yalitiwa alama ya rangi nyekundu, yakawekwa mbali, na yakalishwa baadaye kwa kuchanganywa: sehemu moja ya hayo kwa sehemu tatu za majani mengine. Gharama ya kupima ilikuwa ndogo kuliko bei ya ndama mmoja.

Maji

Mpaka hapa karatasi ya Aprili ilikuwa inafanya kazi. Mvua ilikuwa na tarehe zake, nyasi zilikuwa na tarehe zake, na soko vilevile. Maji hayakuandikwa popote.

Katikati ya Julai kundi la majike na ndama wao lilikuwa upande wa magharibi, kwenye lile lambo la miligramu 1,100. Mfanyakazi wa ng'ombe, kijana mzaliwa wa Afrika Mashariki aliyekulia kwenye jamii ya wafugaji, alisema jioni moja kwamba haupendi unywaji wao. Walikuwa wanakwenda majini, wanatia pua, wanakunywa mafunda machache, wanarudi nyuma na kusimama. Siku ya nyuzi 36 jike anayenyonyesha anatakiwa kunywa lita 70 au zaidi, na anywe kwa kiu, akiwa ameinamisha kichwa muda mrefu. Kijana alimwambia mkwe, na mkwe akajibu kwamba ni joto.

Siku mbili baadaye walikuta jike mmoja ameegemeza paji la uso kwenye nguzo ya uzio, macho wazi, hakimbii mtu akimkaribia kwa sababu hamwoni. Mwingine alikuwa anazunguka mahali pamoja. Wa tatu alikuwa ameshalala na anatetemeka. Kuzunguka lambo lote, kwenye tope lililoachwa na maji yaliyorudi nyuma, kulikuwa na ukanda mweupe wa chumvi wenye upana wa hatua kadhaa.

Daktari wa mifugo alipofika hakuhitaji muda mrefu. Salfeti nyingi kwenye maji hugeuzwa tumboni kuwa gesi ya salfa yenye sumu, ambayo huharibu ubongo. Mnyama anakuwa kipofu, anasukuma kichwa kwenye kitu chochote kilicho mbele yake, anaanguka. Matibabu ni vitamini B1 kwa sindano na kuondolewa kwenye maji hayo mara moja. Jike aliyelala alikufa siku hiyohiyo. Aliyekuwa anazunguka alikufa baada ya siku mbili. Yule wa kwenye nguzo alipona. Sampuli mpya ilirudi na miligramu 3,400 kwa lita.

Hakukuwa na sumu iliyomwagwa. Lambo lilikuwa limeshuka karibu hadi theluthi ya maji ya Aprili, na maji yanapopaa angani chumvi haiendi nayo. Kiasi kilekile cha salfeti kilibaki ndani ya maji yaliyokuwa theluthi tu ya yale ya kwanza. Mtu yeyote angeweza kufanya hesabu hiyo Aprili kwa kutumia jibu lililokuwa kwenye faili, na wengi kule walikuwa na sababu ya kuifanya: Julai 2017, karibu na Chaplin kusini mwa jimbo hilohilo, ng'ombe wapatao 200 walikufa malishoni kwa ukosefu wa maji safi, na tangu hapo ofisi za kilimo za jimbo zimekuwa zikihimiza maji yapimwe, kwanza kwa kifaa cha mkononi kinachoonyesha chumvichumvi na kisha maabara.

Kundi lilihamishwa usiku ule ule. Kwa siku za mwanzo maji yaliletwa kwa lori la tangi, kazi ya kutwa nzima iliyomtoa mtu mmoja kwenye kila shughuli nyingine. Kisha walitandaza bomba la plastiki juu ya ardhi kutoka kisima cha nyumbani mpaka malishoni, wakaweka pampu na mabirika mawili. Bomba la juu ya ardhi ni la majira ya joto tu. Baridi ikija linaganda na kupasuka. Ruzuku ilisaidia, maana mwaka huo serikali ya jimbo iliwapandishia wafugaji ukomo wa mchango wake kwenye miundombinu ya maji kutoka dola 50,000 hadi 150,000 za Kanada, kwa kuchangia gharama na mwenye shamba. Lakini ruzuku hulipwa baada ya risiti, na mafundi wa visima walikuwa na foleni ya miezi.

Mvua ya Agosti na ugomvi wa tarehe ya tatu

Siku chache kabla ya hatua ya tatu, mvua ikanyesha. Zaidi ya milimita 50 kwa mkupuo, karibu sawa na yote iliyopatikana tangu Aprili mpaka mwanzo wa Julai. Malisho yakawa kijani kwa mara ya kwanza tangu Mei. Simu zilipigwa huku na huku, majirani wakifurahi, na mzee akasema mnada ufutwe.

Binti alikuwa na hoja mbili. Ya kwanza ilikuwa ya nyasi: ule ukijani ulikuwa unatoka kwenye akiba ya mizizi, na kuulisha sasa ni kula mtaji wa 2022. Ya pili ilikuwa stoo. Walikuwa na tani 60 za hei ya mwaka uliopita, tani 70 za mwaka huu badala ya 250 za kawaida, na tani 110 za shayiri. Jumla 240.

Hoja zote mbili hazikumgusa mzee. Aliyewakata maneno alikuwa mhasibu. Sheria ya kodi ya Kanada inamruhusu mfugaji aliye kwenye eneo lililotangazwa kuwa la ukame kuahirisha kodi ya mauzo ya ng'ombe wa kuzalisha. Kundi likipungua kwa asilimia 15 hadi chini ya 30, anaahirisha asilimia 30 ya mapato halisi ya mauzo hayo. Likipungua kwa asilimia 30 au zaidi, anaahirisha asilimia 90. Wao walikuwa wameuza majike 42 kati ya 168, yaani robo kamili. Kubaki pale kulimaanisha kulipa kodi sasa hivi kwa sehemu kubwa ya pesa ambazo zingehitajika kununulia kundi jipya.

Wakakubaliana kuuza 16 badala ya 30. Jumla 58, asilimia 34 na ushee. Ndama waliachishwa wakiwa na umri wa karibu miezi minne, jambo lililopunguza mahitaji ya chakula ya kila mama kwa takriban robo.

Majira ya baridi na matokeo

Oktoba daktari aliwapima mimba majike 108 waliobaki. Kumi na mmoja walikuwa watupu, karibu asilimia 10, wakati mwaka wa kawaida kwao ni sita hivi kwa mia. Joto na kukonda vilikuwa vimefanya kazi yake. Watupu waliuzwa, wakabaki 97.

Kwa kuwa malisho yaliisha mapema, ulishaji ulianza Oktoba mosi na ukaenda mpaka katikati ya Mei, siku 225 hivi. Majike 97 kwa kilo 13 kwa siku 225 ni tani 284. Stoo ilikuwa na 240, kwa hiyo pengo lilikuwa tani 44.

Waliziba kwa makapi ya ngano ya duramu pamoja na nafaka ya shayiri. Makapi peke yake hayafai; ng'ombe hujaza tumbo huku anakufa njaa, na yanaweza kumziba kabisa. Kati ya Krismasi na mwaka mpya baridi ilishuka chini ya nyuzi -30 kwa siku mfululizo, na mnyama kwenye baridi hiyo anahitaji nishati zaidi ili kubaki na joto tu. Februari wakanunua hei. Bei ilikuwa imepanda mara mbili na zaidi, na marobota mengine katika jimbo yalikuwa yametoka mbali sana. Mwaka ule vyama vya wakulima vilisafirisha hei kutoka mashariki mwa Kanada kuwasaidia wafugaji wa magharibi. Msaada wa dharura wa serikali, hadi dola 200 kwa kila jike wa kuzalisha, ulikwenda karibu wote kwenye manunuzi hayo.

Masika ya 2022 walizaa bila hasara isiyo ya kawaida. Kundi lilikuwa dogo lakini zima, likiwa na majike wa umri wa kati waliochaguliwa kwa makusudi.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Tarehe zilizoandikwa mapema zilifanya kazi, na sababu yake ni kalenda ya nyasi. Kama mavuno ya malisho yanakuwa yamejulikana kufikia mwanzoni mwa Julai, basi mfugaji anayengoja Agosti hangojei taarifa yoyote mpya kuhusu nyasi. Anangoja faraja, huku ng'ombe wakila na bei ikishuka. Kwa wafugaji wetu wenye misimu miwili tarehe zitakuwa nyingine, lakini swali ni lilelile: ni siku gani ambayo baada yake mvua haiwezi tena kubadili kiasi cha malisho ya msimu huu? Hiyo ndiyo siku ya kuuza.

Mpangilio wa nani aondoke kwanza nao ulikuwa mzuri. Wazee, wenye kasoro na ndama wa mwaka jana ni wanyama ambao mzee angewauza siku moja hata bila ukame. Kuanza na hao kulimfanya aizoee karatasi kabla haijamgusa penye uchungu.

Shayiri iliokolewa na kasi. Sharti la bima lililegezwa kwa wote, lakini faida ilikwenda kwa waliokuwa na namba ya mkadiriaji na mashine tayari.

Uchambuzi: kilichoshindikana

Tukianza na lile lililoumiza mfuko. Majike 14 waliobakizwa Agosti kinyume cha karatasi, kwa kilo 13 na siku 225, walihitaji tani 41. Pengo la stoo lilikuwa tani 44. Inawezekana baadhi yao walikuwemo kati ya wale watupu 11, kwa hiyo hesabu si ya moja kwa moja, ila picha iko wazi: hei ghali ya Februari ilinunuliwa kwa ajili ya mvua ya Agosti. Sioni vyema kumlaumu mzee kwa hilo. Karatasi ndiyo iliyokuwa na kasoro, kwa sababu hatua ya tatu haikusema lolote kuhusu mvua ya kuchelewa, na mvua ya kuchelewa ni jambo la kawaida kabisa kule. Ingeandikwa tangu Aprili kwamba mvua ya baada ya katikati ya Julai haihesabiwi, ugomvi ungeisha kabla haujaanza.

Kuhusu maji, kosa halikuwa kutokupima, maana walipima. Walipima mara moja kitu kinachobadilika kila wiki. Udongo wa shambani ukipimwa Aprili jibu lake linafaa mwaka mzima. Lambo linalopungua halina tabia hiyo. Kama Aprili liko kwenye 1,100 na unatarajia kiangazi kikali, hilo lambo usilihesabu kabisa kwenye mpango wa Julai, au lipime kila baada ya wiki mbili kwa kile kifaa cha mkononi. Ilikuwa pia busara kulitumia lambo hilo Mei, maji yakiwa bado mengi, na kuyaacha mengine kwa siku za joto. Mzunguko wa malisho ulipangwa kwa kutazama nyasi peke yake.

Halafu kuna yule kijana. Yeye ndiye aliyekuwa na ng'ombe asubuhi na jioni, na aliona tatizo siku mbili kabla ya kipofu wa kwanza. Taarifa ilipita kwa mkwe, ambaye kazi yake ilikuwa mazao, na ikaishia hapo. Haikuwa dharau, shamba halikuwa na njia ya mtu asiye wa familia kusimamisha jambo. Siku mbili zile pengine zingewaokoa majike wawili, pengine mmoja. Karatasi ya 2022 ilimpa mfanyakazi wa ng'ombe ruhusa ya kuhamisha kundi kwa sababu ya maji bila kuuliza mtu, akatoe taarifa baadaye.

Swali la kununua ng'ombe wapya lilibaki. Kusini-magharibi iliendelea kuwa kavu 2022, na eneo linapotangazwa tena kuwa la ukame, kodi iliyoahirishwa husogezwa mbele nayo. Kwa hiyo hawakulazimika kujaza nafasi haraka. Walibakiza mitamba tisa kati ya ndama wao wenyewe, wakaacha malisho ya magharibi yapumzike msimu mzima, na pesa nyingine wakaiweka kwenye bomba la kudumu lililozikwa chini ya kina cha mgando.